Acheni Kuhesabu Mara 32

Wiki hii nimeulizwa tena kliniki: "Dokta, ni kweli kila tonge nilitafune mara 32?" Si kweli, na ushauri huo unanikera kwa sababu unawaharibia watu mlo. Mtu anakaa mbele ya wali wa nazi uliopikwa vizuri, kichwani anahesabu.

Namba hiyo hunasibishwa na Gladstone, waziri mkuu wa Uingereza karne ya 19: meno 32, basi mara 32. Kisha Mmarekani Horace Fletcher (1849–1919), mfanyabiashara wala si tabibu, akazunguka akihubiri kwamba chakula kitafunwe mpaka kiwe majimaji. Lakini ugali laini huisha mdomoni mapema sana, na nyama ya ng'ombe mzee isiyoiva inadai zaidi ya hapo. Sasa hiyo 32 ni ya chakula gani?

Mtazame mtu anayekula haraka. Tonge moja liko mdomoni, la pili limeshafinyangwa, limechovywa kwenye mchuzi na linangoja chini ya kidevu. Meno hayana nafasi tena. Kazi yao ni kusukuma la kwanza lipishe la pili. Anayeharakisha ni mkono. Finyanga tonge dogo, na usiguse jingine mpaka la kwanza lishuke.

Tabia hii wengi tumeipata utotoni kwenye sinia. Ukizubaa, mboga imekwisha. Bweni likamalizia kazi: foleni ndefu, kengele inakaribia. Kwa hiyo msimwambie mtoto "kula taratibu" huku nyama iko katikati ya sinia na kaka zake wanaikodolea macho. Mgawieni fungu lake mwanzoni, aone kwamba halitachukuliwa. Hapo ndipo atatulia.

Kuhusu utamu, sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni harufu inayopanda puani kupitia nyuma ya mdomo tunapotoa pumzi. Bana pua, tafuna wali wa nazi: utapata chumvi na utamu kidogo, basi. Achia pua ukiwa bado unatafuna, na nazi itakuja yote kwa mara moja, iliki nayo kama ilitiwa. Anayemeza haraka hulipia nazi asiyoipata.

Kushiba nitagusia tu. Tumbo likitanuka, neva hupeleka habari kwenye ubongo mapema. Homoni za utumbo hufuata taratibu. Zile "dakika 20" zinazosemwa kwamba ubongo huzihitaji ili ujue umeshiba ni makadirio, si kengele.

Je, utapungua? Hapa wenzangu wengi huahidi mno. Uchambuzi wa tafiti 22 uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wanaokula polepole hula chakula pungufu katika mlo husika. Lakini majaribio ya namna hii mengi hupima mlo mmoja, maabara, na mlo mmoja si miaka mitano ya maisha ya mtu. Ndiyo maana mteja akiniuliza kilo, simtajii namba.

Ninachomwandikia ni vyakula visivyokubali haraka: makande, muhogo wa kuchoma, perege mwenye miiba yake, chungwa la kumenya badala ya juisi. Na simu ibaki chumbani mpaka sahani ziondolewe.