Sio kila ndege jeuri Mwanza kaletwa

Wageni wengi Mwanza, kunguru akiwapitia chipsi mezani au wakikuta wale korongo wakubwa wenye upara wanagombea mabaki mwaloni Kirumba, wanasema hawa ndo walioletwa na wakoloni, ndege wa asili hawezi kukosa woga hivyo. Inaeleweka, maana stori ya kuletwa ipo kweli, ila ni ya kunguru wa Bara Hindi, yule alipelekwa Zanzibar miaka ya 1890 ale uchafu wa mji, akazaliana, akavuka bara, na pwani anasumbua sana, anakula mpaka mayai na makinda ya ndege wengine. Korongo yule ni wa hapahapa Afrika. Kwa kunguru angalia shingo na kifua: cheupe pee ni wa kwetu, wa Bara Hindi hana cheupe popote, ana kijivu shingoni kushuka kifuani, alafu mwembamba kidogo. Kwenye kivuli wanachanganya, piga picha uikuze. Ujeuri hauonyeshi asili, ndege akizoea kurushiwa utumbo wa sangara (tena sangara mwenyewe ndo kaletwa ziwani, miaka ya 1950) anasogea mpaka miguuni.