Je, wajua peptidi fupi hubadilishaje umeme wa uso wa semikondakta?

Chukua kipande cha galiamu-aseniki, semikondakta (kitu kinachopitisha umeme kwa kiasi) inayotumika kwenye leza, ukilaze usiku kucha ndani ya maji yenye peptidi. Asubuhi, kwa macho, ni kilekile. Kipime sasa: nishati inayohitajika kung'oa elektroni usoni mwake imepanda au imeshuka kwa sehemu za kumi za elektroni-volti, kipimo kidogo cha nishati. Ndani hakijaongezwa kitu. Kilichobadilika ni ngozi tu, isiyofika nanomita 2.

Peptidi ni mnyororo mfupi wa amino asidi, na kila kiungo cha mnyororo huo kina upande wenye chaji chanya kidogo na upande hasi kidogo. Nguvu ya jozi hiyo ni takriban Debye 3.5 (Debye ni kipimo cha jozi za chaji kama hizi). Mnyororo ukijisokota kama springi, viungo vyote huelekea upande mmoja: mwanzo wake, penye amino, huwa chanya, na mwisho wake, penye kaboksili, huwa hasi. Sasa isimamishe minyororo hiyo wima, bega kwa bega. Elektroni inayotoka lazima ipite kati ya matabaka hayo mawili ya chaji. Chanya ikiwa nje, elektroni huvutwa na kutoka kwake huwa rahisi. Hasi ikiwa nje, husukumwa nyuma.

Ndiyo maana nanga, yaani sehemu ya mnyororo inayoshika uso, ni muhimu kuliko kitu kingine chochote. Amino asidi iitwayo sisteini ina salfa, na salfa hushikana vizuri na galiamu-aseniki. Sisteini ikiwa mwishoni mwa mnyororo, upande chanya hubaki nje na nishati ya kung'oa hushuka. Ihamishie mwanzoni, nishati hupanda. Herufi moja, yaani amino asidi moja, imehama, matokeo yamegeuka.

Kwa amino asidi 20 za kawaida, mnyororo wa herufi 12 una mipangilio zaidi ya trilioni 4,000. Mwaka 2000 Angela Belcher na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, walichuja virusi vya bakteria vilivyobeba peptidi tofautitofauti za urefu huo, wakapata zinazoshika galiamu-aseniki na kuiacha silikoni. Ni njia nzuri sana, ila kushika kwa nguvu si sawa na kusimama kwa mpangilio. Peptidi iliyolala ubavu hushika vizuri na kubadilisha kidogo tu.

Hesabu yenyewe inaonya. Molekuli 1 kwa kila nanomita 1 ya mraba, ikichukuliwa kipimo cha dielektriki (jinsi tabaka linavyopunguza nguvu ya chaji) 2.5, hutoa volti 0.15 kwa kila Debye. Springi ya amino asidi 12 ina kama Debye 42, kwa hiyo karatasi inatabiri volti 6. Hutaziona kamwe. Minyororo jirani hudhoofishana, mingine hujipanga kichwa kwa mkia ili itulie, mingine huinama, na ioni za chumvi hufunika chaji.

Kazi ya mikono huanza na usafi. Osha kipande kwa asetoni, kisha kwa pombe ya isopropili. Ondoa oksidi kwa asidi ya hidrokloriki, sehemu 1 ya asidi kali kwa 10 za maji, kwa dakika 1, ndani ya kabati la kufyonza mvuke. Maji hayo yakusanywe peke yake kwa sababu aseniki ni sumu. Suuza, kausha kwa naitrojeni, tumbukiza mara moja. Ukichelewa hewani, oksidi hurudi na salfa hukosa pa kushika.

Kwa kipande cha sentimita 1 ya mraba, mililita 10 zenye mikromoli 100 kwa lita zinatosha kupita kiasi: ni kama miligramu 1 ya peptidi, mara 6,000 ya inayohitajika kufunika uso. Toa oksijeni kwanza kwa kupitisha naitrojeni, la sivyo sisteini mbili zitashikana zenyewe na nanga itapotea. Angalia pia chumvi ya trifluoroasetati inayokuja na peptidi za kutengenezwa: hupunguza uzito halisi wa peptidi na inaweza kung'ang'ania uso. Baada ya saa 12, suuza kwa maji safi mara kadhaa.

Pima kwa kifaa cha Kelvin, kinachoonyesha nishati ile ya kung'oa elektroni, na usipime kipande chenye peptidi peke yake. Weka kando cha pili kilichopitia yote hayo isipokuwa peptidi, maana uchafu wa kaboni wa hewani nao husogeza usomaji.

Kisha pima mara mbili: gizani, halafu chini ya mwanga mkali wenye fotoni (chembe za mwanga) za zaidi ya elektroni-volti 1.42, ambalo ndilo pengo la nishati ambalo elektroni ya galiamu-aseniki lazima iruke ili iwe huru. Uso huu una mitego inayonasa elektroni na kukunja bendi za nishati, yaani ngazi wanamokaa elektroni, hadi nanomita 100 ndani, na mtego 1 kwa kila atomu 600 za usoni unatosha kufanya hivyo. Mwanga hunyoosha mkunjo huo. Tofauti na kipande cha pili ikibaki ileile kwenye mwanga, imetoka kwenye chaji za peptidi zilizosimama. Ikififia, peptidi ilikuwa imegusa mitego, na kugeuza nanga hakutageuza matokeo.