Dimpo haichongwi

Kila wanapozungumza watu wanaojiundia ndege za bati, hakosi mmoja wa kusema, "Toboa, chonga dimpo, gonga ribiti." Toboa, sawa. Gonga, sawa. Hilo la katikati ndilo lenye kasoro, na ni kasoro inayoweza kuharibu bawa zima.

Dimpo ni kibonyeo chenye umbo la koni kuzunguka tundu la ribiti, kile kipini cha kuunganishia mabati. Hutengenezwa kwa kulibana bati kati ya kalibu mbili, dume na jike, ili kichwa cha ribiti kizame na kulingana na uso wa bati, hewa ipite bila kukwama. Ndege ya H-1 ya Howard Hughes, iliyofikia kilomita 567 kwa saa mwaka 1935, ilisifika kwa ribiti zilizolala hivyo.

Kuchonga ni kazi nyingine kabisa. Unachukua ncha ya kekee yenye umbo la koni na kuukata mdomo wa tundu mpaka kichwa kipate pa kukaa. Ribiti ni ileile, pembe ya koni ni ileile ya digrii 100, na ukishapaka rangi, ukitazama kwa nje huoni tofauti. Nadhani ndiyo maana watu huzichanganya kazi hizi mbili. Lakini anayechonga ameondoa chuma. Aliyepiga dimpo hakuondoa hata chembe, amelikunja bati tu.

Chukua ribiti ya inchi 3/32, inayotumika sana kwenye ngozi ya ndege ndogo, yaani bati lake la nje. Kichwa chake kina kina cha karibu milimita 0.9. Ngozi yenyewe mara nyingi ina unene wa milimita 0.6 hivi. Ukichonga hapo, koni inatokea upande wa pili kabla kichwa hakijazama chote. Tundu linakuwa pana kuliko shina la ribiti, na ukingo wake unabaki mwembamba kama wembe. Injini ikiwaka, mtikisiko unaanza kuutafuna ukingo huo, ribiti inalegea, ufa unaanza.

Ukipiga dimpo, ubavu wa bawa, yaani kiunzi cha bati kilicho chini ya ngozi, nao hubonyezwa vivyo hivyo. Koni ya juu inakaa ndani ya koni ya chini, na bati moja likivutwa kuteleza juu ya jingine, koni hizo zinazuiana. Mzigo hauliangukii shina la ribiti peke yake. Kwa hiyo anayedhani dimpo ni urembo wa kulainisha uso amekosa nusu ya maana yake, tena nusu iliyo kubwa.

Kuna mahali kazi hizi mbili hukutana. Ngozi nyembamba ikifungwa juu ya boriti nene ya bawa, ngozi hupigwa dimpo na boriti huchongwa. Hapo boriti haipokei kichwa cha ribiti, inapokea tumbo la dimpo, kwa hiyo huchongwa ndani zaidi kidogo. Usipofanya hivyo ngozi haitalala, itainuka kuzunguka kila ribiti.

Tundu nalo lisafishwe kingo kabla ya kubanwa. Bati likikunjwa linavutika, na kijino kidogo kilichoachwa na kekee kinatosha kuanzisha ufa. Aloi ya alumini ya 2024-T3, ambayo ndiyo ngozi ya kawaida, huvumilia kubonyezwa ikiwa baridi. Aloi ya 7075 huhitaji joto. Kugonga kwenyewe hakuna utata: bunduki ya hewa ya kugongea kichwani mwa ribiti, pande la chuma mkiani mwake, mpaka mkia ufikie upana wa mara moja na nusu ya kipenyo cha shina na kimo cha nusu yake.

Kile kidoa kilichozama katikati ya kichwa cha ribiti, ambacho wengine hukiita dimpo pia, ni alama tu ya kuonyesha kwamba ribiti ni ya aloi ya 2117.

Basi mwenzako akikwambia amechonga dimpo kwenye ngozi ya bawa, muulize kwa upole alishika kifaa gani. Kama ni kalibu, amekosea neno tu, kazi yake haina neno. Kama ni ncha ya koni, bati hilo libadilishwe kabla ribiti hazijagongwa.