"Lakini Maji Yenyewe Yalikuwa Meupe": Maswali na Majibu Kuhusu Maji ya Kunywa Kando ya Ziwa

Mimi ni muuguzi katika zahanati iliyo hatua chache kutoka mwaloni, upande wa Mwanza ambako dagaa huanikwa na maji huchotwa ufukwe huohuo. Mvua za masika zikianza, benchi letu la nje linajaa kina mama wenye watoto wanaoharisha. Nikiuliza nyumbani mnakunywa maji gani, jibu nalijua kabla halijatoka: "Ya ziwa, nesi, lakini maji yenyewe yalikuwa meupe." Kwa ajili ya jibu hilo nimeandika hapa maswali ninayoulizwa mara kwa mara.

Tope kwenye maji ni nini hasa?

Ni chembe ndogo zinazoelea bila kuzama: udongo laini, mabaki ya majani, mwani, kinyesi. Mwanga ukipita ndani ya maji hugonga chembe hizo na kutawanyika, ndipo maji yanapoonekana kama chai ya maziwa. Wataalamu wa maji hupima tope kwa mwanga huohuo. Wanamulika maji, wanapima mwanga uliotawanyika, na kipimo chake huitwa NTU. Jicho la kawaida huanza kuona ukungu maji yakifika kama NTU 4. Shirika la Afya Duniani linashauri maji yawe chini ya NTU 1 kabla ya kutiwa klorini, na pale ambapo uwezo ni mdogo, angalau yasizidi 5.

Kwa hiyo maji yakiwa meupe ni salama kunywa?

Hapana.

Narudia kwa sababu najua wengi hapa ndipo mnapoacha kusoma: hapana. Bakteria wa kipindupindu na wa homa ya matumbo ni wadogo kupita kiasi. Glasi moja inaweza kubeba mamilioni yao na ikabaki nyeupe pe. Ukiona tope, umejua kuna kitu kimeingia kwenye maji. Usipoona tope, bado hujajua chochote. Jicho halipimi vijidudu, hata jicho la mvuvi anayejua ziwa tangu utotoni.

Mbona maji ya ziwa hubadilika rangi baada ya mvua?

Tazama vilima vyetu. Nyumba zimepanda juu kwenye mawe, na kuchimba choo kirefu kwenye mwamba si kazi ndogo, kwa hiyo mashimo mengi ni mafupi na hujaa mapema. Mvua kubwa ikishuka, husomba udongo, takataka na kilichofurika vyooni, ikaviteremsha kwenye mitaro na Mto Mirongo, unaokatiza mjini hadi ziwani. Na wapo, samahani kwa kusema wazi, wanaoisubiri mvua ndiyo watapishe vyoo vyao. Kinachotapishwa juu kilimani asubuhi, mtu wa chini anakichota kwa ndoo jioni. Ile rangi ya kahawia unayoiona ufukweni si udongo mtupu.

Nikitia shabu maji yanatulia na kuwa meupe. Hapo si nimeyasafisha?

Umeyatuliza, hujayatibu. Hili ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko yote, na linafanywa na watu makini, mama anayejali nyumba yake na ndoo zake zina mifuniko.

Shabu inafanya hivi: zile chembe za tope kwa kawaida husukumana, hazishikani, ndiyo maana zinaelea siku nzima. Shabu huzifanya zigandane, zikawa nzito, zikazama chini. Unga wa mbegu za mlonge hufanya kazi ya namna hiyohiyo. Sehemu ya vijidudu huzama pamoja na tope, lakini wengine hubaki juu wakiwa hai, ndani ya maji yanayokuvutia kuyanywa. Maji ya tope angalau mtu huyaogopa. Yaliyotiwa shabu hunywewa papo hapo, na mtoto ndiye anayepewa wa kwanza.

Sikatazi shabu. Itumie, acha maji yatulie, mimina yale ya juu taratibu kwenye ndoo nyingine safi ukiyachuja kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, na lile tope la chini ulimwage. Halafu ndipo uyatibu, kwa kuyachemsha au kwa klorini. Shabu ni hatua ya kwanza. Ukiishia hapo hujatibu maji.

Kwa nini nisitie kidonge cha klorini moja kwa moja kwenye maji ya tope?

Kwa sababu tope hula klorini. Dawa inamalizwa na uchafu kabla haijawafikia vijidudu, na wale waliojificha ndani ya chembe za udongo hawaguswi kabisa. Ndiyo sababu pakiti nyingi huelekeza kuongeza dozi mara mbili maji yakiwa na tope. Lakini ni afadhali uyatulize na kuyachuja kwanza. Soma pakiti, maana vidonge hutofautiana nguvu, kisha subiri dakika 30 kabla ya kunywa. Watu hutia kidonge na kuchota papo hapo, halafu wanasema dawa za siku hizi hazifanyi kazi.

Harufu kidogo ya klorini isikukimbize. Hiyo ndiyo ishara kwamba bado kuna dawa ya kulinda maji yako.

Na kuchemsha?

Chemsha hadi yatokote kabisa, mapovu makubwa yakipanda, yaendelee hivyo kwa dakika moja au zaidi. Kuona mvuke hakutoshi. Shida ya maji yaliyochemshwa ni kwamba hayana ulinzi wowote baada ya kupoa. Ukiyamimina kwenye ndoo wazi, kila mtu akatumbukiza kikombe na vidole vyake, umepoteza mkaa wako bure. Tumia chombo chenye kifuniko na koki, au uwe na kata moja yenye mpini mrefu ambayo haitumiki kwa kazi nyingine.

Asiye na mkaa wala kidonge anaweza kuanika maji juani kwenye chupa safi za plastiki zisizo na rangi, kwa muda wa saa 6 kwenye jua kali, au siku 2 kukiwa na mawingu. Hapa tope lina uzito wake, kwani jua haliwezi kupenya maji machafu. Simamisha chupa iliyojaa juu ya gazeti, uangalie kutoka juu mdomoni. Kama huwezi kusoma kichwa cha habari kilicho chini yake, maji hayo hayajawa tayari kwa jua.

Maji ya bomba yakitoka meupe kama maziwa?

Kinga kwenye glasi uyaangalie. Yakianza kung'aa kutoka chini kwenda juu ndani ya dakika chache, hiyo ni hewa tu iliyobanwa kwenye mabomba. Yakitoka ya kahawia baada ya mgao, hayo ni kutu na mashapo, na pengine uchafu uliovutwa kupitia nyufa za mabomba wakati hayakuwa na maji. Yaache yatiririke hadi yatakate, hayo ya mwanzo yatumie kudekia, na ya kunywa bado uyatibu.

Na yale ya kijani?

Usichote hapo. Utando wa kijani unaoelea kama rangi iliyomwagika mara nyingi ni mwani wa aina inayoweza kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Usiwaache watoto waoge hapo wala mifugo inywe. Tafuta chanzo kingine.

Mimi sinywi, naoga tu ziwani. Maji ya pale kwetu ni meupe na yametulia.

Yametulia, ndiyo hasa anapopenda konokono wa kichocho. Vimelea vyake hupita kwenye ngozi, huhitaji kumeza hata tone. Weupe wa maji hauwazuii.

Babu zetu walikunywa maji haya, mbona waliishi?

Muulize bibi yako alizaa watoto wangapi na alizika wangapi. Muulize kwa upole, kisha usikilize.

Mtoto ameharisha tangu jana. Nisubiri kesho nione?

Usisubiri. Kwa kipindupindu, mtu mzima mwenye nguvu zake anaweza kufa ndani ya saa chache kwa kuishiwa maji mwilini, sembuse mtoto. Choo chembamba kama maji ya mchele, macho yaliyoingia ndani, mdomo mkavu, mkojo usiopatikana, ngozi ya tumbo ikivutwa inarudi polepole, kulegea, kushindwa kunywa: hata dalili moja kati ya hizi inatosha kukutoa nyumbani usiku huohuo. Damu kwenye choo vilevile.

Nisikilizeni, kina mama na kina baba. "Ni meno tu" inatuletea watoto wakiwa wamechelewa. Meno hayaharishi namna hii. "Nimempa Flajili ya dukani, nikasema nisubiri siku mbili" inatuletea watoto ambao mishipa yao hatuipati tena kwa sindano. Dawa ya dukani hairudishi maji yaliyotoka mwilini. Kinachomwokoa mtoto ni maji na chumvi, mapema. Usisubiri kesho, usisubiri baba arudi kutoka ziwani, usisubiri nauli ya wote wawili ipatikane.

Unapojiandaa kuondoka, koroga pakiti moja ya ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, kwenye lita moja ya maji yaliyotibiwa. Kama huna, tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye lita moja, vijiko viwe sawasawa, visijazwe kilima. Anayenyonya aendelee kunyonya. Zinki atapewa zahanati, na huendelea kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu, kwa hiyo msiache vidonge kabatini.

Mnaotoka visiwani, mpeni ORS ndani ya mtumbwi huohuo, kijiko kimoja kimoja. Akitapika, subirini dakika 10, kisha anzeni tena, polepole zaidi, hadi mfike kwetu.