Je, wajua kwa nini mpaka leo watu wanabishana vita ya Kongo imeua wangapi?

Siku Goma, ule mji wa mashariki mwa Kongo, ikiingia tu kwenye habari, pita kwenye komenti utaona. Mmoja kaandika watu milioni 6 wameuawa Kongo na dunia imenyamaza, chini yake mwenzake anamsahihisha kwamba ni milioni 10, wa tatu anashusha ripoti ya Umoja wa Mataifa inayosema raia 131, alafu wa nne, huyu huwa hakosekani, anasema zote hizo ni propaganda za kutafuta huruma. Na ukiwabana, kila mtu ana pa kuitoa namba yake. Sasa inakuwaje vita ileile iwe na mamilioni na iwe na 131?

Jibu fupi ni kwamba hawa watu hawahesabu kitu kimoja, wala kipindi kimoja, na wengine hawahesabu kabisa, wanarudia tu walichosikia. Jibu refu ndo lenye mambo.

Hizi milioni zilianza hivi. Vita ya pili ya Kongo iliwaka Agosti 2, 1998, ikavuta majeshi ya nchi kibao, Rwanda na Uganda upande mmoja, Zimbabwe, Angola na Namibia wakaja kumuokoa rais Laurent Kabila. Mwaka 2000 shirika la misaada la International Rescue Committee, wengi wanaliita IRC, likapeleka watu mashariki mwa Kongo wakapite nyumba kwa nyumba na maswali mepesi kabisa: humu ndani mko wangapi, nani kafariki tangu kipindi fulani, alifariki na nini. Walipopiga hesabu wakapata vifo milioni 1.7 vya ziada, yaani juu ya vile ambavyo vingetokea hata bila vita, ndani ya miezi 22, na kati ya hivyo kama laki 2 tu ndo watu waliouawa moja kwa moja. Wakarudia utafiti mara kadhaa, wa mwisho ukatoka Januari 2008, safari hiyo walifika kaya 14,000 nchi nzima, na hapo ndo ikatoka namba maarufu ya milioni 5.4, kuanzia Agosti 1998 mpaka Aprili 2007.

Vifo vya ziada lakini, sio watu waliouawa. IRC wenyewe walisema waliouawa kwenye mashambulizi, kwa miaka yote hiyo, hawafiki asilimia 10, na kwenye utafiti wa mwisho walikuwa asilimia 0.4 tu. Waliobaki ni malaria, kuharisha, nimonia, utapiamlo, vichanga kufa siku za mwanzo. Watoto chini ya miaka mitano walikuwa asilimia 19 ya watu wote lakini asilimia 47 ya vifo. Yaani wapiganaji wanaingia kijijini, watu wanakimbilia porini, mihogo inabaki shambani, nesi wa zahanati naye kakimbia na dawa zimeporwa, mtoto anashikwa na homa ambayo ingeisha kwa vidonge vya siku tatu, anafia chini ya turubai. Hakuna aliyempiga risasi. Je, kafa kwa vita? Mimi nasema ndio bila kupepesa macho, lakini huyo mtoto hutamkuta kwenye ripoti ya watu 131 hata siku moja, yuko kwenye zile milioni peke yake.

Sasa njoo kwenye ugomvi wa wataalamu, maana hapa ndo watu wengi wanaachwa njia panda. Ili useme kifo fulani ni cha ziada lazima kwanza ujue bila vita wangekufa wangapi, na hicho hakuna anayekijua, unakadiria. IRC walichukua wastani wa Afrika kusini mwa Sahara, vifo 1.5 kwa kila watu elfu kwa mwezi. Walichokikuta wao Kongo ni 2.2. Tofauti ni 0.7, inaonekana kitu kidogo, ila izidishe kwa nchi ya watu milioni 60 uone, ni watu 42,000 kila mwezi. Wakaja watafiti wa Human Security Report, pale chuo kikuu cha Simon Fraser huko Kanada, wakasema jamani Kongo haikuwa nchi ya wastani hata kabla ya vita, Mobutu aliyeitawala zamani alishaiacha hoi, hospitali hazina kitu, barabara zimemezwa na msitu, kwa hiyo kawaida yake tuiweke 2.0. Hapo ziada inabaki 0.2, na wale watu 42,000 wanashuka mpaka 12,000. Hakuna hata nyumba moja iliyorudiwa kuulizwa, wamebadilisha namba moja tu mezani. Kipindi cha Mei 2001 mpaka Aprili 2007 ambacho IRC waliweka vifo kama milioni 2.8, hawa wakakipa kama laki 9. Wakaongeza na lingine, kwamba zile tafiti mbili za mwanzo maeneo yake hayakuchaguliwa kwa namna inayoweza kuwakilisha watu wote, ambapo kwa kweli hoja yao ni nzito.

Kuna na wanademografia wawili wa Ubelgiji, André Lambert na Louis Lohlé-Tart, wao wakapitia njia tofauti, takwimu za idadi ya watu, wakatoka na laki 2 hivi kwa mwaka 1998 mpaka 2004. Laki 2 huku, milioni 5.4 kule! Na sio kwamba kuna mjinga hapo. Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika 1984, nchi ikiwa bado inaitwa Zaire. Sisi tuliozoea makarani wa sensa kugonga mlango kila baada ya miaka 10 ni ngumu kuelewa hii, lakini hata ukisikia leo Kongo ina watu zaidi ya milioni 100, hayo nayo ni makadirio tu. Hujui walikuwa wangapi, hujui wako wangapi, utajuaje wamepungua wangapi.

Baada ya hapo IRC hawakurudia tena utafiti ule, ila namba haikukaa chini, ikaendelea kukua yenyewe mitaani. Kutoka 5.4 ikawa 6, sasa hivi ni 10, na "wamekufa" ikageuka "wameuawa" njiani bila mtu kushtuka. Naelewa inatoka wapi. Februari 7, 2024 kule Abidjan, nusu fainali ya AFCON, wachezaji wa Kongo walisimama wakati wa wimbo wa taifa mkono mmoja umeziba mdomo, mwingine vidole viwili pembeni mwa kichwa kama bastola, maana yake tunauawa na mmenyamaza. Mtu mwenye uchungu wa namna hiyo ukimletea habari za 1.5 na 2.0 atakuona huna utu. Lakini kiukweli anayeandika milioni 10 wameuawa anamrahisishia kazi yule wa nne kwenye komenti, yeye akishathibitisha namba moja imekuzwa basi anaitupa vita nzima. Na huyo naye hana pa kutokea, kwa sababu hata ukichukua ile hesabu ya wakosoaji, laki 9 kwa miaka sita, bado ni balaa ambalo sehemu nyingine lingesimamisha dunia.

Haya, tuje kwenye namba ndogo. Ungedhani kijiji kimoja kingekuwa rahisi. Kishishe iko Rutshuru, Kivu Kaskazini, na Novemba 29, 2022 M23, waasi wanaopigana na serikali ya Kongo, waliingia pale. Serikali ikaanza kwa kusema wameuawa raia 50, siku chache baadaye waziri mmoja akataja 272. M23 wakasema ni raia 8, tena kwa risasi zilizopotea wakati wanapigana na makundi mengine yenye silaha, Mai-Mai ya wenyeji na FDLR ya Wahutu wa Rwanda. Umoja wa Mataifa ndo wakaja na ile 131, wanaume 102, wanawake 17, watoto 12, kwa Kishishe na kijiji jirani cha Bambo kwa pamoja.

Ila angalia walivyoipata. Wachunguzi hawakufika Kishishe, kijiji kilikuwa mikononi mwa M23. Waliongea na watu 52, waathirika na walioshuhudia kwa macho, waliokimbilia Rwindi, kama kilomita 20 kutoka hapo. Na miili ilikuwa imeshazikwa, tena inavyoonekana waliozika ni M23 wenyewe, Umoja wa Mataifa wakasema huenda ni njia ya kupoteza ushahidi. Ndo maana ripoti za Umoja wa Mataifa kila mara zina neno "angalau" mbele ya namba, watu wanaliruka kama koma. Ile ripoti yao kubwa ya 2010, iliyopitia matukio 617 ya Kongo ya kati ya 1993 na 2003, kila tukio lilitakiwa liwe na vyanzo viwili visivyotegemeana. Kwa masharti hayo kinachobaki ni sakafu tu, familia iliyoisha yote bila kubaki wa kusimulia haimo humo. Na yule wa tatu kwenye komenti, kachukua namba ya Kishishe na Bambo akaigeuza ya vita nzima.

Kanuni niliyoiona mimi ni kwamba anayeshika ardhi ndo anashika makaburi. Goma Januari 2025 ilionyesha vizuri. M23 wameingia mjini, umeme umekatika, mochwari zimejaa mpaka Msalaba Mwekundu wakawa wanahangaika miili isiozee mle ndani. Serikali ikataja miili 773, Shirika la Afya Duniani likasema 900, siku chache baadaye Umoja wa Mataifa ukasema karibu 2,900, maana kumbe 2,000 walikuwa wameshazikwa na zile 900 ni za mochwari. Februari 24 waziri mkuu Judith Suminwa akasimama Geneva akasema zaidi ya 7,000 tangu Januari, mashariki yote sio Goma peke yake, na kwamba miili zaidi ya 2,500 imezikwa bila kutambuliwa ni ya nani. Mtu akiziona hizo namba zimepangana kwenye simu anasema wanajitungia, kumbe nyingi zinaweza kuwa sawa, kila moja kwa siku yake na eneo lake.

Shida kubwa zaidi ni raia ni nani. Wazalendo, wale wapiganaji wanaoisaidia serikali, wengi hawana gwanda. Amekutwa kijana wa miaka 20 kafa barabarani na jinsi na ndala, hana silaha, maana silaha yake ishaokotwa na mwingine, au hakuwahi kuwa nayo. M23 watamuandika mpiganaji, Kinshasa watamuandika raia, daktari wa mochwari atamuandika mwanaume bila jina. Mimi sioni hilo litatatuliwaje na mtu aliyeko Dar au Nairobi au Brussels na simu yake.

Linganisha na askari wa kigeni waliokufa siku zilezile. Afrika Kusini 14, Malawi 3, Tanzania 2. Hakuna ubishi hata kidogo. Majeneza ya Waafrika Kusini yalitua kambi ya jeshi la anga ya Waterkloof karibu na Pretoria, bendera juu, kila moja na jina. Askari ana namba ya kikosi, ana mshahara, ana anayemuulizia. Mkulima wa Rutshuru hana hata cheti cha kuzaliwa.

Alafu ndo siasa inakuja juu ya yote hayo. Kinshasa wameifanya Agosti 2 kuwa siku ya kitaifa ya kukumbuka waliokufa, wanaiita Genocost, yaani mauaji ya halaiki kwa ajili ya faida, harakati iliyoanzishwa na vijana wa Kikongo wa London, na kwao ukubwa wa namba ni hoja ya kudai haki na fidia. Kigali wanakana kuwasaidia M23, ijapokuwa wataalamu wa Umoja wa Mataifa walishaandika kwamba askari wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 walikuwa Kongo, kwa hiyo kila maiti inayokubalika kuwa iliuawa na M23 inawagusa na wao. Julai 2025 ikajirudia hukohuko Rutshuru, ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ikasema angalau raia 319 wameuawa na M23 ndani ya kama wiki mbili, Human Rights Watch wakasema zaidi ya 140 katika vijiji visivyopungua 14, M23 wakakataa zote, na mtandaoni watu wakashika ile tofauti kati ya 140 na 319 wakasahau kwamba zote mbili zinaelezea watu waliouawa mashambani kwao.

Mwezi huohuo, Julai 27, ADF, waasi wenye uhusiano na Dola la Kiislamu, waliingia kanisa Katoliki la Komanda, Ituri, usiku watu wakiwa kwenye ibada, wakaua zaidi ya 40. Hiyo haikuleta ubishi wowote. Kinshasa haikukana, Kigali haikuhusika, Dola la Kiislamu likajisifia lenyewe kwamba ni sisi. Baada ya siku mbili tatu hakuna aliyekuwa anaiposti tena.