Malaysia ni bei chee? Hesabu ninazoletewa na wazazi kila msimu wa udahili

Juzi alikuja ofisini mama mmoja wa Mbagala. Mwanawe amepata nafasi ya kusoma uhandisi Selangor, jimbo la Malaysia linaloizunguka Kuala Lumpur. Ada ya muhula wa kwanza wamelipa, tiketi wamekata, barua ya idhini ya viza kutoka EMGS, shirika la Malaysia linaloshughulikia viza za wanafunzi wa kigeni, imetoka. Nikamuuliza, "Mama, kijana anaondoka na shilingi ngapi za kuanzia maisha?" Akajibu kwa utulivu kabisa, "Laki sita, mwanangu. Si wanasema kodi ya kule laki tatu tu? Ya mwezi wa kwanza ipo, ya chakula ipo."

Sikuweza kumlaumu. Hesabu hiyo hiyo nimeletewa na mwalimu wa sekondari, na mfanyabiashara wa Kariakoo, na hata na baba mmoja mhasibu. Wote wameambiwa na mtu aliyewahi kufika huko kwamba Malaysia maisha ni bei chee. Nimeishi Gombak, pembeni ya Kuala Lumpur, miaka minne nikisoma, na kazi yangu sasa ni kuwapeleka vijana wa Kitanzania huko, kwa hiyo naandika nikiwa nimechoka kurudia maneno haya mdomoni. Kurahisisha hesabu nitachukua ringgit moja, pesa ya Malaysia, kuwa shilingi 600.

"Kodi ni ringgit 500, basi akiwa na 500 anaingia"

Hii ndiyo inayoniumiza kuliko zote, maana ndiyo inayowalaza vijana kwenye makochi ya watu.

Dar tumezoea mwenye nyumba kudai miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Mtu akisikia kwamba Malaysia kodi hulipwa mwezi kwa mwezi, anashusha pumzi. Ni kweli, hulipwa mwezi kwa mwezi. Lakini kuvuka kizingiti kuna bei yake. Utaratibu uliozoeleka huko ni "mbili na moja": dipoziti ya miezi miwili, pamoja na kodi ya mwezi wa kwanza. Juu yake inakuja dipoziti ya umeme na maji, ambayo kwa kawaida ni nusu ya kodi ya mwezi. Halafu mkataba lazima upigwe stempu ya serikali, na gharama hiyo mara nyingi humwangukia mpangaji. Kadi ya kufungulia geti na lifti nayo ina dipoziti yake.

Chukua mfano wa nyumba ya vyumba vitatu yenye kodi ya ringgit 1,500, vijana watatu wanagawana. Kila mmoja atakuwa analipa 500 kwa mwezi, kama alivyosikia mama yetu. Siku ya kukabidhiwa funguo, hata hivyo, mwenye nyumba anataka 3,000 za dipoziti, 1,500 za mwezi wa kwanza na 750 za umeme na maji. Jumla 5,250. Gawanya kwa watatu: 1,750 kila kichwa. Hiyo ni milioni moja na elfu hamsini za kwetu, kabla ya stempu, kabla ya godoro, kabla ya kijiko. Kijana wa Mbagala alikuwa anaondoka na laki sita.

Anayechukua chumba kimoja kwenye nyumba ya watu hupata nafuu, kwani wengine huomba mwezi mmoja wa dipoziti badala ya miwili. Bado ni zaidi ya kodi ya mwezi.

Sasa kijana asiye na pesa ya kuvukia kizingiti hufanya nini? Analala kwa kaka aliyemtangulia, wiki mbili, mwezi, mpaka wanaanza kununiana. Au anampa pesa taslimu mtu anayesema "mimi nakaa hapa, nitakupa chumba, mambo ya mkataba achana nayo". Kijana wangu mmoja alifanya hivyo. Siku mwenye nyumba halisi alipofika, ilibainika kwamba aliyepokea pesa alikuwa mpangaji mwenzake tu, mwenye deni la miezi mitatu. Begi la kijana wangu lilitolewa kwenye korido mchana wa jua kali, na hakuwa na karatasi hata moja ya kumwonyesha mtu.

Dipoziti si pesa iliyoliwa, na kwa hili Malaysia inawazidi wenye nyumba wetu. Inarudi, ukiwa umeilinda. Siku ya kwanza, kabla hujatandika kitanda, piga picha kila ukuta, kila tundu la msumari, sinki, mlango wa kabati uliolegea, kiyoyozi kinachodondosha maji, kisha mtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo kwa ujumbe wenye tarehe. Nawaambia vijana hili mpaka wananikatiza. Asiyepiga picha ndiye anayekatwa pesa ya ukuta alioukuta na ufa.

Na soma muda wa mkataba. Nyingi ni za mwaka mmoja. Ukisaini Septemba halafu Januari ukaona kuna chumba kizuri zaidi karibu na rafiki zako, ukahama, dipoziti umeiaga. Likizo ya muhula ukija Dar kula Idi na wazazi, kodi inaendelea kusoma.

Tangazo likisema nyumba ina "samani kiasi", usiwaze kitanda. Mara nyingi maana yake ni feni, kiyoyozi, kabati za jikoni na mapazia. Kitanda, meza na friji unanunua.

Ushauri wangu haujabadilika miaka yote: muhula wa kwanza kaa hosteli ya chuo. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Kimataifa pale Gombak wanaziita *mahallah*, kwingine zina majina mengine. Chumba kinaweza kuwa kidogo na mwenzako akawa anakoroma, lakini hakuna mbili na moja, na unapata miezi minne ya kuujua mji kabla ya kusaini chochote.

Umeme nao ni sehemu ya hesabu hii hii ya nyumba. Kuala Lumpur iko kama nyuzi 3 tu kaskazini ya ikweta, na haina Juni wala Julai ya kupumzisha mwili kama Dar. Joto ni la mwaka mzima, usiku na mchana. Kiyoyozi kidogo cha chumbani kikiwashwa usiku kwa muda wa saa nane hula kama yuniti 5 hadi 6. Zidisha kwa siku 30. Wenye nyumba wengi wanalijua hilo, ndiyo maana kodi "yenye umeme ndani" huwa haihesabu kiyoyozi, au kiyoyozi kina mita yake ya kulipia kabla, kwa bei anayoipanga mwenye nyumba. Uliza swali hilo kwa maneno hayo hayo: kiyoyozi kinalipwaje? Kisha nunua feni ya kusimama wiki ya kwanza.

"Chakula cha kule ni cha kutupa"

Hapa kuna nusu ukweli. Chapati yao, *roti canai*, pamoja na mchuzi wa dengu na chai ya maziwa ya kuvutwa, *teh tarik*, kwenye mgahawa wa kawaida haizidi ringgit 5. *Nasi lemak* ni wali wa nazi hasa, mtu wa Tanga au Unguja ataujua kwa harufu kabla hajafungua jani, ila wao wanauwekea dagaa wa kukaanga, karanga, yai, tango na pilipili ya kuungwa. Kifurushi kidogo cha asubuhi ni ringgit 2 au 3. Na halali haitafutwi kwa tochi.

Vijana wanaponasa ni mchana, kwenye *nasi campur*. Unachukua sahani, unajipakulia wali, unapita kwenye masufuria ishirini unajichotea mwenyewe. Hakuna bei iliyoandikwa. Mwisho wa meza muuzaji anaitazama sahani yako sekunde mbili na kutaja bei. Wali, kipande cha kuku na mboga moja, anataja 8 hivi. Kijana mgeni ameongeza ngisi watatu na kipande kikubwa cha samaki kwa sababu vimekaa kama mboga tu, anatajiwa 18. Anadhani ameibiwa kwa ugeni wake. Hakuibiwa, ngisi ni ghali na kila mwenyeji anajua. Chota wali, chota kitu kimoja chenye protini, uliza bei kabla hujaongeza cha pili.

Milo mitatu ya kununua kwa wastani wa 8 ni 24 kwa siku, 720 kwa mwezi, kama laki nne na thelathini. Wazazi wanaotuma laki mbili za chakula wawe wanajua kwamba mtoto lazima apike. Na kupika kunawezekana sana, kama hatafuti chakula cha nyumbani kwa jina la nyumbani. Mchicha upo, unaitwa *bayam*. Matembele yapo, *daun keledek*. Bamia ni *bendi*, mihogo *ubi kayu*, tui la nazi *santan*. Soko la usiku, *pasar malam*, hupita mtaani mara moja kwa wiki na mboga hizo ni za sarafu. Mchele mweupe wa ndani una bei elekezi ya ringgit 26 kwa mfuko wa kilo 10, ingawa mwaka 2023 mara nyingi rafu uliikuta tupu na uliokuwepo ni wa kuagizwa, ambao ulipanda sana Septemba mwaka huo baada ya India kuzuia mchele wake. Kitu kimoja tu nawaonya Watanzania: dagaa. Wao wanawaita *ikan bilis*, na si chakula cha kubana matumizi. Fungasha wa kwako kutoka nyumbani, wakavu kabisa.

"Akifika atajitafutia kibarua"

Hapana. Mwenye pasi ya mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki, tena wakati wa likizo ya muhula au mapumziko yanayozidi siku saba, kwa kibali cha Uhamiaji kinachoombwa kupitia chuo, na katika sehemu zilizotajwa: migahawa, vituo vya mafuta, maduka madogo na hoteli. Tangu Februari 2025 kima cha chini cha mshahara ni ringgit 1,700 kwa mwezi, sawa na 8.72 kwa saa. Wiki nzima ya saa 20 inaleta kama 174. Hiyo haimlipii mtu ada. Anayefanya kazi kinyume na hapo akikamatwa anaweza kupoteza pasi na kurudishwa, na ada yote aliyokwisha kulipa inabaki kule. Mzazi akiniambia bajeti yake inategemea kibarua, namshauri aahirishe mwaka.

"Mjomba yuko kule, anasema nauli ni hamsini tu kwa mwezi"

Mjomba amemsikia mwenyeji. Tiketi ya My50, ringgit 50 kwa safari zisizo na kikomo za treni za mjini na mabasi ya Rapid KL, ni ya raia wa Malaysia. Mafuta ya kula ya pakiti ya kilo moja kwa ringgit 2.50 yamewekewa ruzuku kwa ajili ya raia. Zahanati ya serikali kwa ringgit 1, raia. Petroli ya RON95 kwa ringgit 1.99 kwa lita, tangu mwisho wa Septemba 2025, inatoka kwa kitambulisho cha uraia, kwa hiyo kijana anayewaza kununua pikipiki ahesabu bei ya soko. Serikali yao inawalinda watu wake, na ni haki yao. Ila bei hizo usiziandike kwenye bajeti ya mtoto wako.

"Anaishi kwenye jumba lenye bwawa la kuogelea, pesa anachezea"

Hili limevunja mapenzi ya baba na mtoto mbele ya macho yangu. Binti alituma picha akiwa roshani, chini linaonekana bwawa la buluu. Baba akapunguza pesa mwezi uliofuata. Maghorofa mengi wanayopanga wanafunzi Selangor yana bwawa, chumba cha mazoezi na mlinzi getini, hata yale ya kawaida kabisa ambayo chumba ni ringgit 450. Yule binti alikuwa analala chumba kisicho na dirisha la nje, na bwawa hakuwahi kuliingia. Mzazi, ukitaka kujua hali ya mwanao, omba picha ya friji.

"Tuma laki tano kila mwezi, inatosha siku zote"

Shilingi, dola na ringgit hazitembei pamoja. Februari 2024 dola moja ilikaribia ringgit 4.80. Kufika katikati ya 2025 ilikuwa imeshuka karibu na 4.20. Aliyekuwa anatumiwa dola 200 alipokea kama 960, na baadaye 840, bila mtu yeyote nyumbani kupunguza kitu. Hizo 120 zilizopotea ni mchele, mboga na mayai ya wiki kadhaa. Pangeni kwa ringgit, mwulize mtoto anahitaji ringgit ngapi, kisha mtafute shilingi zake.

Yule mama wa Mbagala tulikaa naye saa nzima na karatasi. Alipiga simu kwa kaka yake Morogoro hapo hapo mezani. Hosteli tumeiomba, nafasi imepatikana, na kijana anaondoka mwezi ujao na ringgit 2,500 za kuanzia, feni ataikuta huko, dagaa kilo mbili kwenye begi.