Kambi za wasichana hazikuanza na sindano na uzi tu

Wengi wanaamini kwamba kambi za wasichana za majira ya joto huko Marekani zilianzishwa kufundisha kushona na kupika, na kwamba makasia na milima vilikuja miaka ya 1970. Dhana hiyo inaeleweka, maana kazi za mikono zilikuwepo kweli. Lakini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1900, katika kambi za majimbo ya Maine na New Hampshire, wasichana waliogelea ziwani, wakapiga makasia na kupanda milima, wamevaa suruali pana zilizobanwa chini ya goti na soksi ndefu.

Postikadi ya zamani yenye picha ya kambi kama hiyo itakusaidia kuhakiki hilo. Igeuze kwanza. Ikiwa nyuma hakuna mstari unaotenga ujumbe na anwani, yaelekea ilichapwa kabla ya Machi 1907, kanuni za posta za Marekani ziliporuhusu mgawanyo huo. Kisha tazama mtumbwi ulio pichani. Wa alumini yaelekea ni wa 1945 au baadaye. Wa mbao uliovikwa turubai hautoshi kuwa ushahidi, kwani hata leo hutengenezwa. Na muhuri wa posta usiuchukulie kuwa tarehe ya picha: kadi iliweza kukaa dukani miaka kadhaa kabla ya kutumwa.